Zoezi la Ufahamu na Ufupisho: Dungusi Nyota

Swali la ufahamu halipimi unachokijua kuhusu mada, linapima ulichokisoma. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kujibu kwa mazoea. Habari ifuatayo inahusu mmea ambao matunzo yake ni kinyume cha tuliyoyazoea, hivyo anayejibu bila kusoma atajikwaa. Isome mara mbili: kwanza upate wazo la jumla, kisha upigie mstari wazo kuu la kila aya.

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Dungusi nyota ni mmea mdogo wa jamii ya dungusi kakati. Jina lake la kisayansi ni *Astrophytum asterias*. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Meksiko na kusini mwa jimbo la Texas, Marekani. Hauna miiba. Ni wa mviringo uliobonyea, una vidoa vyeupe, na mara nyingi mwili wake umegawanyika sehemu 8, hivyo ukitazamwa kutoka juu hufanana na nyota. Maua yake ni ya manjano yenye wekundu katikati. Usiuchanganye na mnyaa wa kwetu: mnyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, nao si wa jamii ya dungusi.

Uzuri wa mmea huu ndio uliouponza. Watu waliung'oa porini ili kuwauzia wapenda maua, na kilimo nacho kikameza sehemu ya makazi yake. Leo umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa mwaka 1973 unaozuia mimea ya kundi hilo iliyong'olewa porini isiuzwe kutoka nchi moja hadi nyingine. Hata hivyo, dungusi nyota huoteshwa kwa mbegu vitaluni. Kwa hiyo mnunuzi mwema huuliza kwanza: mche huu umetoka kwenye mbegu au porini?

Nyumbani, upande kwenye chungu chenye matundu chini. Changanya mchanga wa mto, kokoto ndogo na udongo kidogo. Udongo wa mfinyanzi haufai kwa sababu hushika maji. Uweke penye mwanga mwingi, lakini mche mchanga ukingwe jua kali la adhuhuri. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti hadi chini. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke matunduni, kisha mwaga yaliyotuama kwenye kisahani. Wakati wa masika usiache chungu nje kinyeshewe. Wakati wa baridi punguza sana maji, kwa kuwa mmea haukui.

Mmea huu huhifadhi maji mwilini, na vinyweleo vyake hufunguka usiku, hewa ikiwa baridi, ili usipoteze maji mengi. Kwa hiyo huvumilia ukame kuliko maji mengi. Mizizi ikikaa kwenye maji hukosa hewa na kuoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Matokeo yake mmea husinyaa kama wenye kiu. Mwenye mmea akiuona hivyo huongeza maji, na hapo ndipo huumaliza. Ukisinyaa huku udongo una unyevu, ung'oe, kata mizizi iliyooza kwa kisu safi, uache kivulini hadi kidonda kikauke, kisha uupande kwenye udongo mkavu.

Maswali

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) uliouponza (b) husinyaa (c) huumaliza.
3. Kwa nini mmea uliozidishiwa maji huonekana kama wenye kiu?
4. Mwandishi anampa mnunuzi ujumbe gani?
5. Fupisha aya mbili za mwisho kwa maneno yasiyozidi 40.

Majibu na maelezo

1. *Matunzo ya Dungusi Nyota.* "Mimea" ni kichwa kipana mno. "Kumwagilia" ni chembamba mno.

2. (a) uliouletea madhara (b) hunywea, hujikunja kwa kukosa maji (c) huuua. Ukiandika kwamba "huumaliza" ni "hufika mwisho", umetoa maana ya kawaida ya neno badala ya maana yake katika habari.

3. Kwa sababu mizizi yake imeoza na haiwezi tena kunyonya maji. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuandika "kwa sababu haujamwagiliwa". Hilo ni jibu la mazoea, na habari inalipinga.

4. Anunue mche ulioota kwa mbegu, si uliong'olewa porini, ili mmea usitoweke. Ujumbe huu haukutajwa kwa sentensi moja. Unapatikana kwa kuunganisha sababu ya uhaba wa mmea na swali linalofunga aya ya pili.

5. *Dungusi nyota hupandwa kwenye chungu chenye matundu na udongo wenye mchanga mwingi. Humwagiliwa udongo ukikauka kabisa. Maji yakizidi mizizi huoza, mmea husinyaa kama wenye kiu. Ukisinyaa udongo ukiwa na unyevu, hung'olewa, hukatwa palipooza, hukaushwa na kupandwa upya.* (Maneno 37)

Angalia kilichoachwa katika ufupisho huu: kijiti, kisahani na kisu. Hivyo ni vifaa vya kutekelezea hoja, si hoja zenyewe. Kilichobaki ni sababu na matokeo yake. Ukimaliza ufupisho wako, jiulize: mtu ambaye hakuisoma habari hii akiufuata, mmea wake utapona? Kama jibu ni ndiyo, hoja muhimu zimo. Hesabu maneno yako, kisha uandike idadi yake mwishoni.