Maelezo na Matoleo katika Hazina ya Matini za Kisii na Nyamira

Hazina ya matini ya kielektroniki huhifadhi maandishi na sauti pamoja na maelezo yake: mtunzi, mahali, lugha na tarehe. Maelezo hayo ndiyo humwongoza mtafiti.

Chambilecho wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati wa ukoloni, Ugusii ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyoitwa baadaye Nyanza Kusini. Ikafuata Wilaya ya Kisii, Nyamira ikamegwa kutoka humo, na serikali za kaunti zikaanza mwaka 2013. Atafutaye kwa maneno 'Kaunti ya Nyamira' hatazifikia ripoti za 1930 zilizoorodheshwa kwa jina la 'Kavirondo Kusini' pekee. Hivyo basi, jina la awali lihifadhiwe, na la sasa liongezwe kando yake.

Suala la pili ni matoleo. Ngano hurekodiwa kwa Ekegusii, hunukuliwa, kisha hutafsiriwa kwa Kiswahili. Rekodi ikifutwa baada ya tafsiri kukamilika, kosa la aliyeinukuu huenda lisigunduliwe. Kwa hiyo, kila toleo lipewe nambari, tarehe na jina la aliyelirekebisha; lililotangulia lisifutwe.