JUMANNE: Kisiwa Kilichotikisika Mara Elfu

Soma Mathayo 24:6–8 na Luka 21:9–11. Yesu anayataja matetemeko ya nchi pamoja na mambo gani mengine? Je, anasema kwamba mambo hayo yakionekana mwisho umefika?

Akuseki ni kisiwa kidogo kusini mwa Japani, katika visiwa vya Tokara. Wakazi wake hawafiki mia moja. Tarehe 21 Juni 2025 ardhi ilianza kutikisika huko, na haikutulia. Kufikia mwanzo wa Julai, matetemeko yaliyosikika na watu katika visiwa hivyo yalikuwa yamepita 1,000. Watu walikosa usingizi, maana hata pale ardhi ilipotulia walikuwa wakingojea tetemeko lingine. Tarehe 3 Julai likaja la ukubwa wa 5.5, lililokitikisa kisiwa kwa nguvu kiasi cha mtu kushindwa kusimama bila kushika kitu. Kesho yake wakazi 13 walipanda meli kwenda mji wa Kagoshima.

Visiwa hivyo viko mahali ambapo vipande viwili vikubwa vya gamba la dunia vinakutana. Kipande kilichobeba sakafu ya Bahari ya Ufilipino kinazama polepole chini ya kile kilichobeba visiwa. Kwetu Afrika Mashariki, kwenye Bonde la Ufa, ardhi inaachana. Kule kipande kimoja kinaingia chini ya kingine, na mahali pa namna hiyo ndipo yanapotokea matetemeko makubwa kuliko yote duniani. Kwa kawaida tetemeko kubwa hutangulia, kisha madogo hufuata yakipungua. Huko Tokara haikuwa hivyo. Yalikuja kama nyuki wanaotoka mzingani, bila mmoja anayeonekana kuwa kiongozi, na hakuna aliyeweza kusema lipi lilikuwa kubwa la mwisho.

Mwaka 2021 na tena mwaka 2023 visiwa hivyo vilikuwa vimetikisika zaidi ya mara 300 ndani ya siku chache, kisha pakatulia, na hakuna msiba mkubwa uliofuata. Lakini tarehe 9 Machi 2011, upande wa kaskazini wa Japani, lilitokea tetemeko lililozidi ukubwa wa 7, na wengi wakadhani limekwisha. Siku mbili baadaye likaja lile la 9.0 na tsunami iliyoua maelfu ya watu. Ishara zilifanana, matokeo hayakufanana. Wanasayansi hawawezi kutaja siku, saa na mahali pa tetemeko lijalo, na wenyewe husema hivyo waziwazi.

Ndiyo maana neno alilolichagua Yesu lina uzito. Anayaita mambo haya utungu, tena mwanzo wake tu. Wanawake waliozaa watalielewa upesi kuliko wanaume. Uchungu huja na kuondoka, mwingine hudanganya, na mkunga mwenye busara hatangazi saa ya mtoto kuzaliwa. Huchemsha maji, huandaa nguo, hukaa karibu.

Soma Mathayo 24:36 na 2 Wathesalonike 2:1–2. Ni hatari gani inayowakabili watu wanaotaka kujua tarehe?

Wakati Tokara ikitikisika, uvumi mwingine ulikuwa umeenea tayari. Kitabu kimoja cha hadithi za katuni kilikuwa kimetaja msiba mkubwa wa Julai 2025, na watu wakaishika tarehe 5. Watalii wakafuta safari zao, na mashirika ya ndege ya Hong Kong yakapunguza safari za kwenda Japani. Mkuu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Japani akasema wazi kwamba ni uzushi. Mwandishi mwenyewe alisema yeye si nabii. Matetemeko ya Tokara yalipozidi, wengi wakaona ndiyo uthibitisho. Tarehe 5 Julai ikafika, ikapita.

Siku 25 baadaye, maelfu ya kilomita kuelekea kaskazini, rasi ya Kamchatka nchini Urusi ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa. Nchini Japani karibu watu milioni 2 walitakiwa kukimbilia sehemu za juu. (Wapo waliosema kumbe kitabu kilikuwa sahihi. Anayebahatisha hakosi wa kumtetea.) Waliokwenda mahali salama siku hiyo hawakusaidiwa na tarehe yoyote. Walisaidiwa na ving'ora, njia walizozizoea, na mazoezi waliyofanya siku ambazo hapakuwa na tetemeko.

Waadventista hawana haki ya kuwacheka waliofuta safari. Kabla ya tarehe 22 Oktoba 1844, baadhi ya waumini waliomngojea Bwana waliacha mazao shambani bila kuyavuna. Imani yao ilikuwa ya kweli na machozi yao yalikuwa ya kweli. Tarehe ndiyo iliyowaumiza.

Paulo anawaonya Wathesalonike wasitikiswe upesi katika nia zao. Neno la Kiyunani analolitumia ni lile lile ambalo Luka analitumia katika Matendo 16:26 kueleza misingi ya gereza la Filipi ilivyotikisika. Inawezekana basi nyumba isimame imara na mwenye nyumba akatikisika. Tena huko Thesalonike walikuwepo walioacha kufanya kazi kabisa (2 Wathesalonike 3:10–12), wakawa mzigo kwa ndugu zao.

Soma Mathayo 24:45–46. Bwana anaporudi, mtumwa mwaminifu anakutwa akifanya nini?

Hakutwi akihesabu siku. Anakutwa akigawa chakula kwa wakati wake, kazi ile ile aliyoifanya jana. Katika Filipi pia, misingi ilipotikisika na milango kufunguka, Paulo hakutumia nafasi hiyo kuhubiri juu ya matetemeko. Alipaza sauti kumzuia askari wa gereza asijiue (Matendo 16:27–28). Mahubiri yalikuja baadaye, askari mwenyewe alipouliza.

Maswali ya Kujadili

1. Mshiriki mwenzenu analeta darasani ujumbe wa simu unaotaja mwezi wa kurudi kwa Yesu, na anafikiri kumwachisha mtoto wake shule. Mtamjibuje bila kumwaibisha na bila kuizima shauku yake?

2. Waliotikiswa Bukoba mwezi Septemba 2016 walihitaji nini kwa majirani zao katika juma la kwanza? Kanisa lenu lingeweza kutoa kipi kati ya hivyo leo?

3. Soma 2 Petro 3:3–4. Je, kutangaza mwisho kila ardhi inapotikisika kunaweza kuwaongezea wenye kudhihaki maneno ya kusema? Toeni mifano mliyoishuhudia.