Shingo Isizungushwe: Kiharusi Kinachoweza Kuanzia kwa Kinyozi

Katika saluni nyingi za kiume jijini Mwanza, kunyolewa hakuishii kwenye ndevu. Uso husuguliwa kwa skrabu, hufunikwa taulo la maji moto, mabega hukandwa. Kisha mhudumu hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akakizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie "ko!", halafu upande wa pili. Wateja wengi huihesabu kama nyongeza ya bure. Tunaziomba familia zote jambo moja: mabega yakandwe, shingo isizungushwe.

Kinachoharibika

Damu hupanda kichwani kwa mishipa minne mikubwa. Miwili iko mbele ya shingo. Miwili ya nyuma hupenya matundu yaliyo pembeni mwa pingili za shingo, na karibu na fuvu hujikunja kabla ya kuingia ndani. Hapo kwenye kona ndipo kichwa kikizungushwa kwa nguvu mshipa huvutwa zaidi. Utando wake wa ndani unaweza kuchanika, kama mpira wa kumwagilia bustani uliochanika ndani huku nje ukionekana mzima. Damu huingia kwenye ufa, huganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo huziba njia. Hicho ni kiharusi.

Ule mlio si mfupa uliorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya ute wa maungio, na kulia kwake hakuthibitishi kwamba umepona.

Jambo hili hutokea mara chache, na hatutaki kumtia mtu hofu kupita kiasi. Viharusi vingi hapa kwetu vinatokana na shinikizo la juu la damu, kwa hiyo kupima presha kunabaki jambo la kwanza. Lakini kwa vijana hali ni tofauti: Chama cha Moyo cha Marekani, katika taarifa yake ya 2014, kilieleza kwamba kuchanika kwa mishipa ya shingo huchangia asilimia 8 hadi 25 ya viharusi vya watu walio chini ya miaka 45. Hao ndio wanaojaza viti vya vinyozi.

Taarifa hiyohiyo inasema haijathibitika kwamba kuzungushwa shingo ndiko kunakochana mshipa. Huenda wengine mshipa ulikuwa umeshachanika, na maumivu yake ndiyo yaliyowapeleka kutafuta wa kuwanyoosha. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu anayeumwa shingo ndiye anayeomba izungushwe. Maumivu mapya makali ya shingo au kisogo, hasa ya upande mmoja, na hasa baada ya kuanguka na bodaboda au na mzigo kichwani, yapelekwe kwa daktari. Yasipelekwe kwa kinyozi wala kwa mkandaji wa mtaani.

Akina mama nao wasijione wako salama. Mwaka 1993 daktari Michael Weintraub wa Marekani aliripoti wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele shingo ikiwa imelazwa nyuma kwenye sinki. Omba taulo nene chini ya shingo, au inama mbele.

Dalili zinazodanganya

Wengi wanajua uso kupinda, mkono kulegea na maneno kuvurugika. Kiharusi cha mishipa ya nyuma kinaweza kuja kwa sura nyingine: kizunguzungu kikali, kutapika, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba, kushindwa kumeza, kope moja kushuka. Kinaweza kuanza palepale kwenye kiti, baada ya saa kadhaa, au hata baada ya siku kadhaa. Kijana anayeyumba hivyo watu husema amelewa, au amerogwa, na saa hupotea kwa mganga.

Angalia saa dalili zilipoanza, uikumbuke. Usimchue mgonjwa shingo. Usimpe chakula, maji wala aspirini, maana bila kipimo cha CT-skani hakuna ajuaye kama ubongo umezibwa au unavuja damu. Mlaze ubavu kama anatapika. Mtafutie gari, asibanwe katikati ya watu wawili kwenye bodaboda.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo safari ya kwenda hospitali ni mbio na saa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Sengerema linalokuja Mwanza halisubiri tena kivuko. Mtu wa kisiwa cha Ukerewe bado ana ziwa mbele yake, na meli kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua takriban saa tatu. Kwa hiyo aliye kisiwani afike kwanza hospitali iliyo karibu, na wahudumu wapige simu mapema Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mkifika, mwambieni daktari waziwazi: "Alizungushwa shingo saluni." Bila maneno hayo, huenda asifikirie kuichunguza mishipa ya shingo.

Kwa kinyozi, sema kabla hujakaa: "Kaka, nikande mabega tu, shingo usiizungushe." Mzee naye aseme: "Mwanangu, shingo yangu iache." Na wewe mwenye saluni, waambie vijana wako leo waiache.