Kanga na Kuku Banda Moja: Vidokezo 9 vya Kuzima Vurugu

Kanga ni mlinzi asiyedai mshahara. Akipita chatu, nguchiro au mgeni asiyejulikana, shamba zima litapata habari. Kupe anakula, panzi anakula, mchwa ndio usiseme. Kasoro yake moja: ni mbabe. Humkimbiza kuku bila sababu na kumng'oa jogoo manyoya ya mkia mbele ya wake zake. Lakini usikate tamaa, mwenzangu. Ugomvi mwingi bandani unazimika kwa ujanja mdogo tu, na mwingi wa ujanja huo haugharimu hata shilingi.

1. Kuku Malindi, kanga shamba

Tuambizane ukweli mapema. Nyumba za Malindi, hapa Unguja, zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na uwani mwako ni dirishani kwa jirani. Jogoo watu wamemzoea: anawika, wanaamka, yamekwisha. Kanga hana ratiba. Paka akipita, kelele. Jani likianguka, kelele. Ukiwa na kipande cha shamba Bububu, Mwera, Tunguu au Donge, mpeleke huko na kuku wenzake. Huna shamba? Basi baki na kuku, ujirani una thamani kuliko mayai.

2. Amani huanzia kwenye yai

Hiki ndicho kidokezo kikubwa, kwa hiyo kaa kitako. Kanga aliyeanguliwa na kuku humwona kuku kama ndugu. Kanga mkubwa aliyeletwa ndani ya tenga humwona kama mpangaji wa kufukuzwa. Tafuta koo la kuku lililotulia kwenye kuatamia. Yai la kanga huchukua siku 26 hadi 28, la kuku siku 21. Sasa ujanja: weka mayai ya kanga Ijumaa hii, Ijumaa ijayo ongeza machache ya kuku. Wataanguliwa karibu pamoja na watakua pamoja nyuma ya mama mmoja. Yatie alama ya penseli usije ukayachanganya, na usimzidishie kuku mayai asiyoweza kuyafunika.

Mayai yanunue kwa mfugaji. Usiende kuyaokota msituni, wala kumtega kororo. Ndege wa porini wana sheria yao. Kenya, kwa mfano, hufugi kanga bila kibali cha shirika la wanyamapori, KWS. Hapa kwetu pitia kwanza ofisi ya misitu, uulize utaratibu.

3. Masika usiwatoe vifaranga nje

Kanga mkubwa ni shupavu, lakini kifaranga wake hustahimili baridi na maji kwa shida. Umande wa asubuhi tu unaweza kummaliza. Wiki za mwanzo waweke pakavu, juu ya makumbi yaliyochambuliwa au maranda, na mama yao awe nao. Maji wape kwenye sahani ya kina kifupi yenye vijiwe ndani, maana hawa wanaweza kuzama kwenye maji ya kunawia mkono. Juu weka wavu. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, hawakuishia kwenye taka. Kifaranga kwao ni kitafunio.

4. Dagaa bila chumvi

Chakula cha vifaranga wa kuku huwa na protini kama asilimia 20. Kifaranga wa kanga anataka zaidi, kati ya asilimia 24 na 26. Mtu wa Malindi, diko liko mlangoni kwako! Nunua dagaa wabichi, waanike wenyewe walivyo, wasage, uchanganye kidogo kidogo. Wale waliochemshwa kwa maji ya chumvi waache kwa ajili ya mboga yako. Chumvi nyingi ni sumu kwa ndege. Ukimkusanyia na mchwa, utapendwa.

5. Sahani mbili, pembe mbili

Tazama ugomvi unaanzia wapi. Mara nyingi ni kwenye chakula. Weka sahani moja pembe hii, nyingine pembe ya pili, na maji vivyo hivyo. Kanga hawezi kulinda mahali pawili kwa wakati mmoja, ingawa atajaribu. Kuku mnyonge naye anapata pa kukimbilia na kumeza punje mbili tatu kwa utulivu.

6. Kanga juu, kuku chini, na taa ndani

Kanga hupenda kulala juu kabisa, hata kwenye mwembe ukimwachia. Funga boriti moja karibu na paa kwa ajili yake, na fito za chini ziwe za kuku. Kila mmoja na ghorofa yake, hakuna wa kumsukuma mwenzake Magharibi ikiingia. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kanga huogopa kuingia banda lenye giza. Acha dirisha la wavu au washa taa ndogo jioni, uone wanavyoingia wenyewe.

Kanga wageni wafungie ndani wiki kadhaa kabla ya kuwaachia, huku wavu ukiwatenganisha na kuku ili wazoeane kwa macho. Siku ya kuwatoa, watoe wachache, wengine wabaki. Kanga hapendi kutengana na wenzake, kwa hiyo walio nje watarudi. Na jioni tikisa kopo lenye mtama. Baada ya muda watakuja mbio kabla hujafika mlangoni.

7. Hesabu madume

Madume wengi, vita vingi. Dume mmoja wa kanga anatosha kwa majike wanne au watano, na jogoo mmoja kwa majike kama kumi. Utamjuaje dume, na wote wamevaa madoa yale yale? Sikiliza. Jike hulia kwa mapigo mawili, akirudia rudia. Dume hulia kwa pigo moja moja. Angalia pia ndevu za mashavuni, za dume ni kubwa zaidi. Msimu wa kutaga, mvua zinapoanza, madume huwa wakali kwelikweli. Siku hizo jogoo apewe uwanja wake.

Na ukiona siku moja kifaranga asiyeeleweka, si kuku si kanga, usishangae. Hutokea wakachanganya damu, ila mtoto huyo hazai.

8. Chanjo kwa wote

Mdondo hauchagui. Ukichanja kuku ukawaacha kanga, umefunga mlango ukaacha dirisha. Ile chanjo ya tone moja jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Muone bwana mifugo au bibi mifugo wa eneo lako, mkusanyike majirani mkatumie kichupa kimoja siku hiyo hiyo, gharama itagawanyika.

9. Mkorofi mmoja? Mtenge

Mara nyingi si kanga wote wabaya. Ni mmoja, na wengine wanamfuata. Mtoe, mweke kwenye tenga mbali na wenzake kwa siku chache. Akirudi atakuta cheo chake kimeshachukuliwa, na atalazimika kuanza chini. Ukimpunguza manyoya ya bawa moja, la pili ukaliacha, hataweza kuruka wavu kumfuata jogoo upande wa pili.

Akirudi bado anapiga watu? Basi, ndugu yangu, mchinje. Kanga wa mchuzi wa nazi ni mtamu kuliko kuku.