Somo la Jumamosi: Karatasi ya Stempu Chini ya Mwanga

 

Wiki hii tunasoma sayansi na lugha kwa pamoja, na kifaa chetu ni stempu. Stempu mbili zinaweza kufanana picha, rangi na bei, kumbe zimechapwa kwenye karatasi tofauti. Macho peke yake hayaoni tofauti hiyo. Miale ya urujuanimno huionyesha.

Kwa nini karatasi hung'aa?

Zamani bibi zetu walitia bluu kwenye maji ya mwisho ya kusuuza kanzu, ili nguo nyeupe isionekane ya manjano. Sabuni za unga za leo, na karatasi nyingi, zina kemikali inayoleta weupe kwa njia nyingine. Hupokea miale ya urujuanimno, ambayo hatuioni, kisha huitoa tena kama mwanga wa buluu tunaouona. Ndiyo maana kanzu iliyofuliwa kwa sabuni hizo huwaka gizani ukiimulika.

Kemikali hizi zilienea kwenye karatasi kuanzia miaka ya 1950. Karatasi ya zamani zaidi, kwa kawaida, ikimulikwa hubaki hafifu: kijivu, zambarau au manjano.

Vifaa na tahadhari

Tafuta tochi ya mawimbi marefu, yaani nanomita 365. Zile za bei nafuu za nanomita 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaofunika mng'ao. Fanya kazi kwenye chumba chenye giza, juu ya karatasi nyeusi. Shika stempu kwa koleo ndogo, na usimulike macho ya mtu wala ya paka.

Wazazi: taa za mawimbi mafupi, nanomita 254, huumiza macho na ngozi. Hizo si za watoto.

Jaribio la kwanza: weupe

Chukua stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Elizabeth II, zilizotokana na sanamu ya Arnold Machin na kuanza kutolewa Juni 1967. Chagua za miaka ya 1970, baada ya pesa za Uingereza kubadilishwa kuwa za desimali mwaka 1971. Zimulike zikiwa zimelala kifudifudi, kisha zigeuze upande wa picha. Angalia kingo nyeupe za upande wa picha, kwa sababu huko ndiko karatasi ilikopakwa tabaka laini.

Baadhi zitabaki hafifu, na nyingine zitawaka nyeupe. Hizo ni aina mbili za karatasi, na wakusanyaji huzihesabu kuwa stempu mbili hata kama picha na bei ni ileile.

Jaribio la pili: mistari

Mwaka 1957, mjini Southampton, posta ilianza kujaribu mashine ya kuzigeuza barua zote zielekee upande mmoja. Mashine ilihitaji kujua stempu iko wapi. Kwanza iliongozwa na mistari myeusi nyuma ya stempu. Kisha, mwaka 1959, ikaanza kujaribiwa mistari ya fosfa, kemikali inayong'aa. Kwa kawaida mstari mmoja humaanisha barua ya daraja la pili, na miwili daraja la kwanza.

Hapa kuna tofauti ya kukumbuka. Mng'ao wa karatasi hukoma papo hapo ukizima taa. Mng'ao wa fosfa hubaki kwa muda mfupi gizani. Kwenye stempu za zamani, mng'ao huo huhitaji mawimbi mafupi. Lakini hata bila tochi unaweza kuiona mistari: inamisha stempu karibu na dirisha, nayo itaonekana imefifia kuliko sehemu nyingine. Kuna pia stempu zisizo na mistari kabisa, kwa sababu fosfa imechanganywa kwenye tabaka lote la karatasi.

Jaribio la tatu: bahasha za nyumbani

Sasa waombe wazazi bahasha za zamani. Huenda mkapata stempu zenye majina Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Nchi hizo zilianza kutumia stempu za pamoja za majina hayo mwaka 1935. Stempu ya wakati wa Mfalme George VI inapaswa kuonekana hafifu. Ikiwaka nyeupe kama kanzu mpya, jiulize kwa nini.

Lakini usikimbilie kusema ni bandia. Stempu halisi ikilowekwa pamoja na kipande cha bahasha nyeupe ya kisasa, hunyonya kemikali kutoka kwenye maji na kuanza kung'aa. Kinyume chake, stempu hafifu si lazima iwe safi. Stempu za kwanza za Zanzibar, za mwaka 1895, zilikuwa stempu za India zilizochapwa juu yake neno "Zanzibar". Walaghai wamechukua stempu halisi za India na kuchapa neno hilo wenyewe. Karatasi ni ya kweli na neno ni la uongo, na tochi haitakuambia.

Kwa hiyo mwanga ni shahidi mmoja tu. Waite na wengine: alama ya maji, ile inayoonekana kama kwenye noti ukiinua karatasi mwangani; meno ya pembeni; na tarehe ya muhuri wa posta. Mashahidi wakipatana, amini. Wakipingana, subiri.

Ombi kwa familia zote: msibandue wala kuloweka stempu yoyote ya barua za nyumbani. Bahasha nzima hueleza nani aliandika, kutoka wapi na lini. Stempu iliyobanduliwa imepoteza karibu yote hayo.

Msamiati

- *urujuanimno*: miale isiyoonekana iliyo mbele ya rangi ya urujuani
- *hafifu*: isiyo na nguvu
- *kingo*: pembezoni mwa kitu
- *bandia*: kisicho cha kweli
- *loweka*: weka ndani ya maji kwa muda

Methali ya wiki: Njia ya mwongo ni fupi.

Kazi ya nyumbani

1. Mulika stempu tano. Andika sentensi moja kwa kila stempu, ukitumia *hung'aa* au *haing'ai*.
2. Muulize babu, bibi au mzazi: bahasha hii ilitoka kwa nani? Andika jibu lake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe.
3. Eleza kwa nini methali ya wiki inafaa somo hili.