SOMO: MIGUU YA WATOTO ILIYOPINDA – KUTAMBUA, KUTIBU NA KUZUIA



Katika toleo hili tunaleta somo kwa Kamati za Diakonia za sharika na mitaa, na kwa wahisani wetu wanaochangia matibabu ya watoto. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati na, ikiwezekana, katika jumuiya.

UTANGULIZI

Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru si ajabu kumwona mtoto mwenye matege, au mwenye magoti yanayogongana huku nyayo zikiwa mbali. Wengine miguu yote miwili huinama upande mmoja, kama mti uliosukumwa na upepo. Baadhi ya wazazi huwaficha watoto hawa ndani, na majirani husema ni laana au mkono wa mtu.

Wanafunzi wa Yesu nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake (Yohana 9:1-3). Bwana alikataa swali hilo, akamponya yule mtu. Nasi tunapomwona mtoto mwenye miguu iliyopinda, tuulize sababu ni nini na afikishwe wapi.

SI KILA MGUU ULIOPINDA NI UGONJWA

Karibu watoto wote huzaliwa na matege kidogo. Miguu hunyooka mtoto akifikia kama miaka 2. Kisha, kati ya miaka 3 na 4, magoti huelekea ndani. Kufikia miaka 7 hivi, miguu ya wengi huwa imekaa sawa yenyewe. Mzazi wa mtoto wa namna hii atulizwe, asitozwe fedha za dawa wala za viatu maalumu.

Mtoto apelekwe hospitali ikiwa:

1. Mguu mmoja umepinda zaidi ya mwingine.
2. Matege yanaongezeka baada ya miaka 2, au magoti bado yanagongana baada ya miaka 7.
3. Ana maumivu, anachechemea, au ni mfupi sana kuliko wenzake.
4. Amechelewa kutembea, au viungo vya mikono vimevimba.

Mjumbe wa kamati anaweza kupima kwa rula. Mtoto asimame, magoti yatazame mbele. Mwenye matege aunganishe vifundo vya miguu: nafasi kati ya magoti ikizidi sentimita 6, apelekwe. Mwenye magoti yanayogongana ayaguse magoti: nafasi kati ya vifundo ikizidi sentimita 8, apelekwe.

Mtoto mchanga aliyezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani ana tatizo jingine, yaani mguu kifundo. Huyu asisubiri hata mwezi. Hufungwa plasta kila wiki, mara 5 au 6 hivi, kisha wengi hukatwa kidogo mshipa wa kisigino na kuvaa viatu vyenye kiungo cha chuma, baadaye usiku tu, mpaka miaka 4 au 5. Njia hii ilianzishwa na Dkt. Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, na akianza mapema mtoto huepuka upasuaji mkubwa.

DAKTARI ANATAFUTA NINI

Miguu inaweza kufanana kwa macho na sababu zikawa tofauti. Ndiyo maana daktari huagiza eksirei ya miguu yote miwili mtoto akiwa amesimama, na wakati mwingine vipimo vya damu. Anatafuta hasa mambo matatu.

Matege ya lishe. Mfupa ni laini kwa kukosa vitamini D au kalisiamu. Mtoto anayeshiba uji mtupu wa mahindi, bila maziwa wala dagaa, anaweza kuupata hata akicheza juani kila siku. Wengi hunyooka kwa dawa na chakula bila kisu. Akipasuliwa kabla mifupa haijaimarika, mguu utapinda tena.

Ugonjwa wa Blount. Sehemu ya ndani ya mfupa wa ugoko, chini ya goti, hukua polepole kuliko ya nje. Matege huongezeka mwaka hadi mwaka. Hapa kuchelewa kuna gharama: mtoto anayenyooshwa kabla ya miaka 4 ana nafasi kubwa ya kupona moja kwa moja. Akichelewa, hupasuliwa zaidi ya mara moja.

Madini ya floraidi. Ardhi ya Bonde la Ufa imetokana na volkano, na maji hupita katika miamba yenye madini haya. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo kama Maji ya Chai yana vyanzo vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Dalili ya kwanza ni meno ya kahawia, na wengi tumeizoea. Kwa baadhi ya watoto mifupa nayo huathirika, na kwa watu wazima mgongo na viungo hukakamaa.

UPASUAJI UNAVYOFANYIKA

Mtoto ambaye bado anakua anaweza kuwekewa kipande kidogo cha chuma chenye skrubu mbili upande mmoja wa goti. Upande huo husimama, upande wa pili unaendelea kukua, na mguu hunyooka wenyewe polepole. Chuma hicho lazima kitolewe kwa wakati, la sivyo mguu utapinda upande wa pili. Mtoto asiyerudi kliniki huharibu kazi yote.

Kwa mguu uliopinda sana, daktari hukata mfupa wa ugoko au wa paja, huunyoosha, kisha huushikilia kwa plasta, vyuma vya ndani, au fremu ya nje. Kwa watoto wengi mfupa huunga katika wiki 6 hadi 8. Wakubwa huchukua muda zaidi. Kisha huja mazoezi ya kutembea.

Mlezi afundishwe haya kabla ya kutoka hospitali: plasta isilowe, wala asiingize kijiti kujikuna. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, arudi saa ileile, hata kama ni usiku. Kusubiri asubuhi kunaweza kumgharimu mguu.

Huduma ya mifupa inapatikana KCMC Moshi, na Dar es Salaam katika CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Jijini Arusha kuna The Plaster House, ambapo watoto hukaa kabla na baada ya upasuaji hadi wapone.

KAZI YA KAMATI NA WAHISANI

Ni rahisi kuchangisha fedha za upasuaji. Picha ya kabla na picha ya baada huwagusa watu, nasi tunashukuru. Lakini bajeti inayoishia chumba cha upasuaji ni nusu ya bajeti. Iongezwe nauli ya kurudi kliniki, chakula cha mlezi, magongo, na mpango wa shule ili mtoto asipoteze mwaka.

Liko na jambo la pili ambalo halipigwi picha. Mtoto aliyenyooshwa akirudi kwenye bomba lilelile, tumemrudisha kwenye ugonjwa, na wadogo zake wanafuata njia hiyohiyo. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi; maji yanapopungua sufuriani, madini huzidi kukolea. Kuchuja kwa kitambaa pia hakusaidii. Kinachosaidia ni maji ya mvua, chanzo kingine kilichopimwa, au chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo lazima lipimwe na kubadilishwa mkaa unapochoka. Tupunguze pia magadi kwenye maharage na makande, kwa kuwa mengi yana floraidi.

Kila usharika una paa la kanisa. Mabati hayo yakiwekewa mifereji na tangi, maji ya mvua yatengwe kwanza kwa kunywa na kupikia wajawazito na watoto wadogo, ambao mifupa na meno yao ndiyo yanayojengwa. Kufulia na kuoshea, maji ya bomba yanatosha. Kwa hiyo tunawaomba wahisani: mnapochangia upasuaji wa mtoto mmoja, changieni pia maji ya mtaa anakotoka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika mtaa wetu wako watoto wanaofichwa? Nani atawatembelea wiki hii?
2. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa floraidi? Matokeo yako wapi?
3. Watoto waliokwisha kutibiwa wanarudi kliniki? Nani anawafuatilia?
4. Soma Marko 2:1-12. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne. Katika kamati yetu, wanne hao ni akina nani?



Mratibu wa Miradi, Dayosisi