Kusafiri Nje ya Marekani Wakati Ombi la Grini Kadi Linasubiri Uamuzi

Utangulizi

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani ambao wamekwisha kuwasilisha ombi la ukaazi wa kudumu na ambao, kabla ombi hilo halijaamuliwa, wanapatwa na haja ya kusafiri nje ya nchi hiyo, iwe ni kwa sababu ya msiba, ugonjwa wa mzazi, harusi au kazi. Kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo watu wengi huiita grini kadi, ni hati inayomthibitisha mgeni kuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi Marekani bila kuwekewa mwisho wa kukaa. Lakini anayeisubiri bado hana haki zinazoambatana nayo, na mojawapo ya hizo ni haki ya kutoka na kurudi apendavyo. Kwa kawaida hakuna anayemzuia mwombaji mlangoni anapoondoka, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa urahisi wa kutoka huwafanya wasiulize watarudi kwa hati gani. Swali hilo la hati ya kurudia ndilo msingi wa maelezo yote yanayofuata.

Maana ya ombi linalosubiri

Zipo njia mbili za kupata grini kadi. Ya kwanza ni ya mtu aliye nje ya Marekani, ambaye huhojiwa katika ubalozi na kupewa viza ya uhamiaji. Ya pili ni ya mtu ambaye tayari yumo ndani ya Marekani, naye huomba kubadilishiwa hadhi, yaani aache kuhesabiwa kuwa mwanafunzi, mtalii, mfanyakazi wa muda au mkimbizi, na ahesabiwe kuwa mkaazi wa kudumu. Huyu wa pili hujaza Fomu I-485 na kuiwasilisha kwa Idara ya Uraia na Uhamiaji, inayofahamika kwa kifupi cha USCIS, na ndiye anayehusika na kijitabu hiki. Kuanzia siku ombi lake linapopokelewa hadi linapoamuliwa, muda ambao huweza kuwa wa miezi mingi au hata miaka, kukaa kwake nchini huhesabiwa kuwa kumeruhusiwa. Hata hivyo ruhusa hiyo imefungamana na kuwamo kwake ndani ya nchi, na haimfuati akivuka mpaka.

Kanuni kuu: kutoka bila kibali ni kuliacha ombi

Kanuni za uhamiaji za Marekani zinaeleza kwamba mwombaji anayetoka nchini ombi lake likiwa halijaamuliwa, bila kuwa amepewa kwanza kibali cha kurejea, huchukuliwa kuwa ameliacha ombi lake mwenyewe. Ombi likihesabiwa kuwa limeachwa hufungwa, na ada iliyolipwa, ambayo tangu tarehe 1 Aprili 2024 ni dola 1,440 kwa waombaji wengi walio watu wazima, hairudishwi. Aliyekwama nje hulazimika kuanza upya kwa njia ya ubalozi, ikiwa bado anastahiki.

Kanuni hii haiangalii urefu wa safari wala umbali wake. Mkaazi wa Buffalo anayevuka daraja kwenda kuyatazama maporomoko ya Niagara kutoka upande wa Kanada na kurudi jioni ametoka nje ya nchi sawasawa na aliyekwenda Mombasa kwa miezi miwili, na vivyo hivyo anayepanda meli ya utalii kutoka Florida kwenda Bahamas. Kwa upande mwingine, Hawaii, Alaska na Puerto Rico zimo ndani ya Marekani, kwa hiyo anayekwenda huko moja kwa moja, bila kupitia nchi nyingine, hajatoka.

Karatasi mbili huwadanganya waombaji mara kwa mara. Ya kwanza ni risiti inayothibitisha kwamba ombi la kibali cha kurejea limepokelewa, ambayo haina nguvu ya kibali chenyewe. Ya pili ni kadi ya ruhusa ya kazi, ambayo haimrejeshi mtu nchini isipokuwa iwe imeandikwa waziwazi juu yake kwamba inatumika pia kama kibali cha kurejea.

Kibali cha kurejea

Kibali cha kurejea ni hati inayotolewa kabla ya safari, inayomwezesha mwombaji kufika tena katika mpaka au uwanja wa ndege wa Marekani bila ombi lake kuhesabiwa kuwa limeachwa. Huombwa kwa Fomu I-131, na kinapotolewa huwa ni karatasi yenye picha ya mwombaji, namba ya faili lake, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya I-512L. Kwa miaka mingi aliyelipia Fomu I-485 hakulipa tena kwa ajili ya Fomu I-131, lakini nafuu hiyo iliondolewa Aprili 2024, na sasa kila fomu ina ada yake. Kwa kuwa ada hubadilika, kiwango cha siku hiyo kithibitishwe katika tovuti ya USCIS kabla ya kulipa.

Mambo mawili kuhusu kibali hiki yanahitaji kufahamika vyema. Kwanza, mwombaji asitoke kabla kibali hakijatolewa na kumfikia, kwa sababu anayeondoka huku Fomu I-131 ikiwa bado inashughulikiwa huhatarisha fomu hiyo pamoja na lile ombi kuu. Pili, kibali hakimhakikishii mtu kuingia. Anayerudi nacho hukaguliwa na ofisa wa Idara ya Forodha na Ulinzi wa Mipaka, na akikubaliwa huingizwa kwa ruhusa maalumu ya muda inayotofautiana na kuingia kwa viza. Ofisa huyo anaweza kumkatalia akigundua kosa la jinai, udanganyifu au sababu nyingine ya kisheria ya kumzuia.

Wafanyakazi wa H-1B na L-1, na tofauti yao na wanafunzi

Sheria imewaondolea sharti la kibali baadhi ya wafanyakazi wenye hadhi ya H-1B, inayotolewa kwa wataalamu walioajiriwa, au L-1, inayotolewa kwa wanaohamishwa na kampuni yao kutoka nchi nyingine, pamoja na wenzi na watoto wanaowategemea. Mfanyakazi wa namna hiyo anaweza kusafiri bila kulipoteza ombi lake ikiwa hana kesi ya kuondolewa nchini, ikiwa hadhi yake bado ni hai, ikiwa anarudi kuendelea na kazi kwa mwajiri yuleyule aliyeidhinishiwa, na ikiwa ana viza halali ya aina hiyo. Endapo viza iliyo katika pasipoti imekwisha muda, atahitaji kuomba nyingine ubalozini, na foleni ya miadi huweza kuigeuza safari ya wiki mbili kuwa ya miezi.

Wanafunzi hawamo katika msamaha huo, na kundi hili ndilo linaloponzwa zaidi na mwonekano wa mambo. Mwanafunzi kutoka Kenya au Tanzania aliyefunga ndoa na raia wa Marekani na kuwasilisha Fomu I-485 anaweza kuwa na viza ya F-1 ambayo haijaisha muda, akaitazama katika pasipoti yake na kuamini kwamba itamrudisha. Viza hiyo hutolewa kwa anayekusudia kurudi kwao baada ya masomo, ilhali ombi la grini kadi linasema kinyume cha hayo; na hata kama angefika mpakani nayo, kutoka kwake bila kibali kungekuwa kumekwisha kulifunga ombi.

Wakimbizi na waliopewa hifadhi

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili Marekani wamo Wakongo na Warundi wengi waliopelekwa huko kama wakimbizi, baadhi yao baada ya kuishi miaka mingi katika kambi kama ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Mkimbizi hutakiwa kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kutimiza mwaka mmoja nchini, na akitaka kusafiri hutumia hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo nayo huombwa kwa Fomu I-131 na kwa kawaida hutumika kwa mwaka mmoja. Kwa hati hiyo, Mkongo mwenye ndugu Kigoma anaweza kwenda kuwatembelea, iwapo Tanzania itampa viza. Kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa anayerudi katika nchi aliyoikimbia, au anayechukua pasipoti mpya ya nchi hiyo, hutoa hoja ya kudaiwa kwamba hofu yake haipo tena, na hoja hiyo huweza kuhatarisha hifadhi na grini kadi kwa pamoja.

Waliowahi kukaa bila hadhi na wenye kesi mahakamani

Sheria ya mwaka 1996 iliweka adhabu kwa wageni waliokaa Marekani bila ruhusa na kisha wakaondoka: aliyekaa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja huweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi huzuiwa kwa miaka 10. Adhabu hii hulala kimya mtu anapobaki ndani ya nchi na huamka anapotoka. Mathalani, mtu aliyeingia kwa viza ya utalii, akapitisha muda kwa miaka miwili, kisha akafunga ndoa na raia na kuomba grini kadi, huenda akaipata bila tatizo akisubiri ndani. Lakini akitoka bila kibali, atakuwa amelipoteza ombi na kujifungia mlango kwa miaka 10, asipopata msamaha wa kisheria ambao si rahisi kuupata.

Mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua, katika shauri la Arrabally na Yerrabelly, kwamba safari inayofanywa kwa kibali cha kurejea haihesabiwi kuwa kuondoka kunakoiamsha adhabu ya miaka 10. Uamuzi huo umewasaidia wengi, lakini hauondoi vikwazo vingine kama makosa ya jinai au amri ya zamani ya kufukuzwa nchini. Aliye na kesi mbele ya jaji wa uhamiaji, na hasa aliyewahi kutolewa amri ya kuondolewa, hapaswi kusafiri kabla faili lake halijasomwa na wakili, kwa sababu mwenye amri hiyo akitoka huhesabiwa kuwa ameitekeleza mwenyewe.

Msiba na ugonjwa nyumbani

Simu ya usiku kutoka nyumbani ndiyo huzaa maamuzi ya haraka. USCIS ina utaratibu wa kushughulikia kibali cha dharura, ambapo mwombaji hupiga simu katika kituo chake cha huduma na kuomba miadi katika ofisi ya karibu, akiwa na Fomu I-131 iliyojazwa, ada, picha na ushahidi wa dharura kama vile cheti cha kifo au barua ya hospitali. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na kwamba anazimudu lugha hizo.

Hata dharura ina mipaka yake. Kwa familia za Kiislamu, ambazo huzika maiti siku ileile au ya pili yake, kibali hakiwezi kuwahi maziko hata kikitolewa upesi, na huwa ni busara kwa mfiwa kukiomba kwa ajili ya hitima au arobaini. Palipo na desturi ya kuhifadhi maiti kwa wiki moja au mbili huku ndugu wakisubiriwa, muda huo huweza kutosha. Mwenye mzazi aliye mgonjwa kwa muda mrefu anashauriwa aombe kibali mapema, kikae tayari kabla simu haijalia.

Safari yenyewe

Mwombaji anaposafiri abebe kibali halisi na nakala zake, pasipoti yenye muda wa kutosha, risiti ya Fomu I-485 na uthibitisho wa kazi au ndoa. Katika kaunta ya shirika la ndege, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, mhudumu aliyezoea kuona viza huenda akaikataa karatasi ya I-512L kwa kutoitambua, kwa hiyo inafaa kuwahi mapema na kumwomba amwite msimamizi wake. Afikapo Marekani, mwombaji kwa kawaida hupelekwa katika chumba cha ukaguzi wa pili; huo ni utaratibu wa kawaida na si dalili ya kukataliwa, ila saa za kuunganisha ndege ziwe za kutosha.

Wito wa kuchukuliwa alama za vidole au kuhojiwa nao unaweza kufika mwombaji akiwa safarini, na asiyehudhuria bila kuomba tarehe nyingine huweza kunyimwa grini kadi. Kwa hiyo awepo mtu mwaminifu wa kufungua barua zake. Aidha, masharti ya kuingia hubadilika ghafla: Juni 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililozuia au kubana uingiaji wa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo miongoni mwa zilizobanwa kwa sehemu. Orodha ya wakati huo ikaguliwe kabla ya kuondoka.

Kufikia uamuzi

Uamuzi wa busara huanzia kwenye kurudi. Mwombaji ajiulize ana hati gani ya kumrudisha, je itakuwa hai siku ya kurudi, je katika maisha yake Marekani kuna siku alizokaa bila ruhusa, kukamatwa na polisi au kesi, na je safari hiyo haiwezi kungoja grini kadi. Mwenye shaka katika jibu lolote amwone wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na ajiepushe na wajaza fomu wa mitaani wasio na idhini, ambao makosa yao hulipwa na mwombaji. Kibali kitangulie kushikwa mkononi, na tiketi ya ndege iwe kitu cha mwisho kununuliwa.